Momela: Nyota Juu, Ardhi Chini

Januari iliyopita nilikesha Momela na wanafunzi wachache, tukiwa na darubini moja ya kuazima. Mlima Meru ulituziba taa za jiji la Arusha, na mbingu ikawa nyeupe kwa nyota. Mwanafunzi mmoja aliuliza jina la kundi dogo lililokuwa juu yetu. Nilimjibu kwamba ni Kilimia, na kwamba jina hilo linatokana na kulima: wakulima wa Afrika Mashariki walikitazama ili kujua majira ya kulima.

Jibu langu lilizaa swali zito zaidi: waliolima hapa walikuwa akina nani?

Kaskazini mwa Momela ndipo ilipo Engare Nanyuki. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa huko Wameru takriban 3,000 kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, ili kuwapisha walowezi wafugaji. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Wameru walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kuhutubia huko. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Hata hivyo, shauri hilo liliwafundisha Watanganyika kwamba dhuluma ya kijiji inaweza kusemwa mbele ya dunia.

Wapo wanaotamani Meru iwe na kituo cha umma cha kutazama nyota. Nami ni mmoja wao. Lakini tujifunze kutoka Mauna Kea, Hawaii. Mlima ule una kituo cha wageni kwenye mita 2,800 hivi na darubini kubwa kileleni. Hata hivyo, mwaka 2019 wenyeji walifunga barabara kupinga darubini mpya, kwa kuwa mlima ni mtakatifu kwao. Hawakuichukia sayansi. Walikataa kupuuzwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlio katika ofisi za umma, siku mpango wa namna hiyo utakapofika mezani, anzeni na baraza la kijiji kabla ya mchoro wa jengo. Na mgeni atakayefika kutazama nyota aelezwe kwanza habari za 1951. Mbingu haikunyang'anywa mtu; ardhi ilinyang'anywa.