Makao ya wasio na pa kulala: kitanda hakitoshi bila jembe

WAHENGA walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii husikika sana nyakati za Krismasi na Ramadhani, wakati wahisani wanapofululiza kwenye makao ya wasio na makazi wakiwa na magunia ya unga, mablanketi na nguo. Hata hivyo, ni nadra kusikika sauti ya yule anayelala humo. Je, yeye huuonaje msaada huo? Na kitanda anachopewa usiku humfikisha wapi asubuhi?

Makao ya wasio na makazi ni mahali ambapo mtu asiye na nyumba hupewa malazi ya muda, chakula na usalama. Mengine humpokea mgeni kwa usiku mmoja tu na kumtaka aondoke kukicha. Mengine, hasa ya watoto, humhifadhi kwa miezi au miaka huku akisomeshwa, kutibiwa na kutafutiwa jamaa zake. Yapo pia yanayofunguliwa mchana pekee, ambapo wanaoishi mitaani huoga, hufua na kupata mlo, kisha hurejea barabarani jioni.

Haja ya huduma hizo nchini Kenya si ndogo. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa 2018 ilihesabu watu 46,639. Kati yao, 15,337 walikuwa Nairobi na 7,529 walikuwa Mombasa. Wengi hujulikana kwa jina la chokoraa, jina linalotokana na kuchokora mapipa ya taka na ambalo wenyewe huliona kuwa tusi.

Chimbuko la makao

Makao ya aina hii yalienea sana katika miji ya Ulaya wakati wa mapinduzi ya viwanda. Maelfu ya watu waliacha mashamba wakihamia mijini kutafuta kazi, na waliokosa kazi walikosa pia kodi ya nyumba. Jijini London, mhubiri William Booth na mkewe Catherine walianza kazi yao miongoni mwa maskini wa mashariki mwa jiji hilo mnamo 1865. Kundi lao lilichukua jina la Jeshi la Wokovu mwaka wa 1878, na kufikia 1888 lilikuwa limefungua makao ya kulala katika mtaa wa Limehouse.

Malazi katika makao ya enzi hizo yalitegemea uzito wa mfuko wa mtu. Kwa peni moja, aliruhusiwa kuketi kwenye benchi ndani ya ukumbi wenye joto. Kwa peni nne, alipata sanduku la mbao lenye umbo la jeneza, akajilaza humo na kujifunika turubai. Mpangilio huo ungeweza kuonekana kuwa wa kikatili leo, lakini kwa aliyekuwa akilala nje kwenye theluji, jeneza lenye paa juu yake lilikuwa afueni kubwa.

Jeshi la Wokovu lilifika Kenya mwaka wa 1921 na tangu hapo limekuwa na makanisa, shule na makao ya watoto nchini. Ndiyo maana yaliyowapata waliolala katika makao ya London si hadithi ya mbali. Desturi za kuhudumia wasio na makazi zilizozaliwa huko zilisafiri na wamishonari pamoja na watawala wa kikoloni. Sheria za kuwakamata wazururaji nazo zilisafiri vivyo hivyo. Kenya iliendelea kuwa na Sheria ya Uzururaji hata baada ya uhuru, na haikufutwa hadi 1997.

Waliolala ndani

Habari nyingi kuhusu makao ya zamani ziliandikwa na wasimamizi au wafadhili. Waandishi wawili waliamua kuingia wenyewe wakiwa wamevaa matambara.

Wa kwanza ni Mmarekani Jack London, aliyeishi miongoni mwa maskini wa London mwaka wa 1902 na kuchapisha kitabu kuhusu maisha hayo mwaka uliofuata. Asubuhi moja ya Jumapili, alijiunga na mamia ya wanaume waliosubiri kifungua kinywa cha bure cha Jeshi la Wokovu. Wengi hawakuwa wamelala usiku kucha. Walisimamishwa kwa saa kadhaa, njaa ikiwauma, kabla ya kupewa mkate, kipande chembamba cha jibini na chai iliyojaa maji. Baada ya kula walitakiwa kubaki kwa ibada. London alipoomba ruhusa akatafute kazi, ilimbidi abishane na msimamizi kabla ya kuachiliwa.

Lawama yake haikuwa dhidi ya sala. Alichokataa ni kwamba muda wa maskini ulihesabiwa kuwa si kitu. Mtu aliyesimama foleni asubuhi nzima kwa ajili ya vipande vya mkate alikuwa amepoteza nafasi ya kupata kibarua cha siku hiyo.

Wa pili ni Mwingereza Eric Blair, anayejulikana zaidi kwa jina la George Orwell. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 alilala mara kadhaa katika vyumba vya wapita njia vilivyoendeshwa na serikali za mitaa nchini Uingereza. Wageni walipekuliwa mlangoni, wakaoga kwa maji yaliyokwisha kutumiwa na wenzao, wakanyang'anywa nguo zao na kufungiwa hadi asubuhi. Kanuni iliyowaumiza zaidi ni ile iliyomzuia mtu kurudi katika kituo kile kile kabla ya mwezi kupita. Kwa hivyo walitembea kutwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, si kwa kupenda kuzurura, bali kwa kuwa sheria iliwakataza kutua.

Katika insha aliyochapisha 1931, Orwell alieleza alivyopelekwa kufanya kazi jikoni katika kituo kimoja. Alishuhudia mapipa matano yakijazwa chakula kizuri kilichobaki na kutupwa, ilhali wageni walikuwa wamelishwa mkate na siagi ya kopo tu. Hakuna aliyesahau kuwagawia. Chakula kilitupwa makusudi ili makao yasije yakapendeza na kuvutia wengi. La kushangaza ni kwamba mmoja wa wageni wenyewe, aliyejiona bora kuliko wenzake, aliiunga mkono sera hiyo.

Namna mbili za kutoa

Orwell aliona pia utoaji wa aina mbili. Katika kanisa moja, watu waligawiwa chai na andazi, kisha wakalazimika kukaa kwa maombi. Walikula, lakini waliondoka wakinung'unika, kwani walihisi kuwa wamenunuliwa kwa kikombe cha chai.

Kwa upande mwingine, kulikuwa na kasisi aliyefika usiku chini ya daraja la Charing Cross akiwa na tiketi za mlo. Alipita haraka kwenye foleni, akaona haya hata kusubiri shukrani, akaenda zake. Wanaume wale wale ambao kwa kawaida walimkejeli kila mfadhili walimsifu. Hakuwadai chochote, wala hakuwatazama kama maonyesho.

Hata hivyo, hata wema wa kasisi huyo uliingiliwa na tamaa. Tiketi zake zilikuwa za peni sita na zilikubaliwa katika mkahawa mmoja pekee. Mwenye mkahawa, akijua kuwa wateja hao hawana pengine pa kwenda, aliwapa chakula cha peni nne. Mtoaji alikuwa na moyo safi, lakini hakufuatilia sadaka yake ilikoishia.

Mfano wa Starehe

Nchini Kenya, mfano unaojulikana zaidi wa makao yaliyovuka kitanda na sahani ni Starehe. Mwaka wa 1959, hali ya hatari iliyotangazwa 1952 ikiwa bado haijaondolewa, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walifungua kituo cha kuokoa wavulana waliokuwa wakirandaranda Nairobi. Wengi walikuwa mayatima au watoto waliotenganishwa na wazazi na vita vya Mau Mau. Kituo kilianza na vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za mafuta za Shell na BP.

Vibanda viwili vya mabati ni msaada mdogo kwa kampuni kubwa. Kilichovifanya viwe na maana ni kilichofuata: madarasa, karakana, nidhamu na wafadhili waliokubali kugharamia mvulana mmoja mmoja kwa miaka mingi badala ya kumlisha siku moja. Starehe ikageuka kuwa mojawapo ya shule za upili zinazoheshimika zaidi nchini. Ilijulikana pia kwa desturi ya wanafunzi wake kujitolea kuhudumu katika taasisi za umma, hivi kwamba aliyepokea naye akajifunza kutoa. Griffin alifariki mwaka wa 2005, mwaka ambao pia kituo cha wasichana kilianzishwa.

Mnamo 1973, kasisi Mholanzi Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu jijini Nairobi. Shirika hilo lilitambua kuwa kijana aliyekaa mitaani kwa miaka hawezi kurejeshwa darasa la kwanza aketi na watoto wadogo. Likabuni elimu ya msingi ya miaka michache iliyofuatwa na mafunzo ya ufundi.

Serikali nayo iliingia kwa kishindo mwaka wa 2003, baada ya uongozi wa NARC kuchukua hatamu. Hazina ya kurekebisha maisha ya familia za mitaani iliundwa, na baadhi ya vijana wakapelekwa kupata mafunzo katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Wapo waliofaulu na wapo waliorudi barabarani. Kumwondoa mtu mitaani ni kazi ya siku moja. Kuiondoa mitaa ndani ya mtu huchukua miaka, kwa sababu huko ndiko aliko na marafiki, kipato na uhuru wake.

Jinsi ya kutoa

Kutokana na tajriba hizo, mtu anayenuia kusaidia anaweza kuzingatia mambo kadhaa.

Kwanza, aulize kabla ya kununua. Makao mengi hupata nguo tele na kukosa vitu vya kila siku kama sabuni, sodo, dawa, chupi mpya, kuni au gesi na fedha za kulipa wafanyakazi. Chakula kilichokaribia kuharibika si sadaka bali ni kuhamisha taka.

Pili, athibitishe usajili. Kituo cha watoto kinapaswa kutambuliwa na Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto mnamo Novemba 2017, huku kukiwa na hofu kuwa baadhi ya watu walikuwa wakigeuza mayatima kuwa mtaji.

Tatu, achunge heshima ya anayepokea. Kumpanga mtoto mbele ya kamera akiwa ameshika pakiti ya unga ni kumdai malipo asiyo na uwezo wa kukataa. Picha hiyo humfuata hata atakapokuwa mtu mzima mwenye jina lake.

Nne, afuatilie. Yaliyotokea kwa tiketi za peni sita hutokea hata kwa magunia ya mchele. Kituo chenye uaminifu hakichukizwi na swali la jinsi msaada ulivyotumika.

Tano, asaidie safari ya kutoka. Karo ya ufundi, vifaa vya kazi, kodi ya miezi michache au nauli ya kumrejesha mtoto kwa bibi yake huweza kuzaa matunda kuliko karamu ya siku moja. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unafuata mkondo huo, kwa kulenga watoto walelewe katika familia badala ya kukulia katika taasisi.

Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na kila mtoto haki ya chakula, malazi na matibabu. Kwa hivyo makao ya muda si fadhila tu. Ni daraja kati ya haki iliyoandikwa na maisha yalivyo, nalo daraja halijengwi ili watu walale juu yake.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vyumba alivyolala Orwell vilimfukuza mgeni kabla ya siku ya pili, tena mikono mitupu. Vibanda vya Starehe vilimkaribisha, vikamlisha, kisha vikamkabidhi jembe.