Kuchunguza Sababu ya Kifo: Funzo la Rufiji na Hukumu Yake

Sifa zote njema anastahiki Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Mtoto anapofariki kwa degedege, wengi wetu hukimbilia kusema kachezewa na jini au karogwa. Hapo jirani hutajwa na udugu huvunjika. Hatukanushi kuwepo majini wala uchawi. Tunachokataa ni kumtuhumu mtu bila ya dalili. Allaah ametuamrisha kuhakikisha khabari tusije kuwadhuru watu kwa ujinga (Al-Hujuraat: 6).

Umwe, Ikwiriri na vijiji vingine vya Rufiji na Kibiti viliwekewa mwaka 1998 mpango wa kufuatilia uzazi na vifo, ambao baadaye uliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa kuwa wengi hufia majumbani, mhojaji huwaendea wafiwa na kuwauliza: homa ilianza lini, mgonjwa alikakamaa, alipumua vipi? Majibu yalikuwa yakisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake. Walipokhitilafiana aliletwa wa tatu. Vifo vingi vilivyoitwa vya degedege vilionekana ni vya malaria kali, maradhi yenye dawa. Kuwajibu wahojaji hawa kwa ukweli hakuna kizuizi, kwani maiti haiguswi.

Njia hiyo haitoshi penye shaka ya jinai. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, ilisemwa watu wamekufa kwa kufunga; wachunguzi wa serikali ya Kenya walikuta baadhi ya maiti, wakiwemo watoto, wamenyongwa au kuzibwa pumzi.

Je, kupasua maiti kwafaa? Asili yake ni haramu, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amefananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai. Lakini Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha mwaka 1408H (1987), liliruhusu pale hakimu anaposhindwa kujua sababu ya kifo kwa njia nyingine. Yazingatiwe haya:

1. Isizidishwe kuliko dharura.
2. Viungo vyote virejeshwe na kuzikwa.
3. Maiti ya mwanamke ichunguzwe na daktari mwanamke, ila akikosekana.
4. Mazishi yasicheleweshwe bila ya sababu.

Basi tusifiche kifo chenye shaka kwa kuona haya. Huenda uchunguzi ukamsafisha asiye na hatia, au ukamwokoa mtoto aliyebaki.

Wa-Allaahu A'lam.