BAISKELI ZA TITANI: ZIJUE KABLA HUJATOA HELA YAKO (wadau wa Kilosa na Mikumi)



Mwezi huu nimepata ujumbe mwingi kuhusu baiskeli za titani. Wengi mmeziona mtandaoni, zile za kijivu zisizopakwa rangi, halafu mnauliza: hiki kitu ni nini, kinauzwaje, na je kinaweza kupiga kazi huku kwetu kuanzia Kilosa mjini mpaka Mikumi? Mdau mmoja wa Kimamba ameniandikia kwamba kuna jamaa anamuuzia "titani orijino" kwa laki sita. Hela aliyonayo ni ya ufuta wa msimu mzima, na anaambiwa atume nusu kwa simu kabla hajaiona baiskeli yenyewe.

Kwa hiyo leo nimeamua kuandika yote kwa mpangilio. Wewe uliyeko kafe na dakika zako zinahesabika, save ukurasa ukasome taratibu. Haya twende kazi.

1. TITANI NI NINI?

Ni metali. Iligunduliwa mwaka 1791 huko Cornwall, Uingereza, na mchungaji mmoja aliyeitwa William Gregor. Watu wanadhani ni kitu adimu kama dhahabu, kumbe wapi! Ni elementi ya 9 kwa wingi katika ganda la dunia. Ugumu uko kwenye kuitoa. Njia inayotumika mpaka leo ilibuniwa na William Kroll wa Luxembourg, akaipatia hataza Marekani mwaka 1940, nayo inakula umeme na muda mwingi. Ndiyo maana bei iko juu.

Na msidhani inatoka mbali. Majirani zetu Kenya walichimba mchanga wenye titani pale Kwale. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha mzigo mwaka 2014 kupitia Likoni, Mombasa, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Hata Tanzania tunao mchanga wa aina hiyo, kuna Fungoni kule Kigamboni na Tajiri kule Pangani. Ila sehemu kubwa kabisa ya titani duniani haiendi kwenye baiskeli wala ndege. Inageuzwa unga mweupe wa kutengenezea rangi za nyumba, plastiki na dawa ya meno. Kwa hiyo kila asubuhi ukipiga mswaki kuna uwezekano unatumia titani, teh teh teh.

2. ILIINGIAJE KWENYE BAISKELI?

Miaka ya 1970 kampuni kama Speedwell ya Uingereza na Teledyne ya Marekani zilijaribu kutengeneza fremu za titani. Nyingi zilikuwa zinanesa sana, na nyingine zilivunjika. Mambo yalikaa sawa kuanzia mwaka 1986, Wamarekani wa Merlin na Litespeed walipoanza kutumia mchanganyiko maalumu: titani, alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5. Ndiyo maana kwenye fremu ya kweli mara nyingi utakuta pameandikwa 3Al/2.5V. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, titani ya jeshi la Warusi ilimwagika sokoni na bei ikashuka kiasi. Siku hizi hata Wachina wanatengeneza fremu nzuri tu.

3. CHUMA, ALUMINI NA TITANI: NANI MKALI?

Hapa ndipo watu wanapotapeliwa, kwa hiyo soma polepole.

UZITO: Kipande cha sentimita moja ya ujazo cha chuma kina gramu 7.8 hivi. Cha titani gramu 4.5. Cha alumini gramu 2.7. Titani iko katikati.

UGUMU: Titani inapinda kirahisi kuliko chuma, karibu mara mbili. Haivunjiki, inanesa na kurudi. Kwa mtu anayeendesha mwenyewe bila mzigo huo ni utamu mtupu, mashimo huyasikii sana. Lakini ukifunga magunia mawili ya mkaa kwenye keria, mkia utaanza kucheza ngoma na usukani utakushinda mteremkoni.

UCHOVU WA METALI: Alumini kila ikitikiswa inachoka kidogo, hata kama mtikisiko ni mdogo, na siku yake ikifika inakatika ghafla. Chuma na titani zina kiwango ambacho chini yake hazichoki. Chuma kina uzuri mwingine pia, mara nyingi kinaanza na ufa unaouona, kinakupa muda wa kushuka.

KUTU: Chuma kinaoza, hasa kwa ndani. Waliokuwepo Kilosa mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 wanakumbuka, vyombo vingi vililala majini na matope. Titani haipati kutu kabisa. Unaiosha, unaifuta, imekuwa mpya.

MATENGENEZO: Chuma kikikatika, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anakirudisha siku hiyohiyo. Titani ikiwa ya moto inanyonya hewa, na ikinyonya hewa inakuwa kama biskuti. Lazima ichomelewe ndani ya gesi ya agoni, nje na ndani ya bomba, kwenye usafi wa hali ya juu. Kwa hiyo nasisitiza, USIMPE FUNDI WA MAGETI AKUCHOMELEE FREMU YA TITANI. Itashika leo, itakatika kesho ukiwa kwenye mteremko.

4. JE, INAFAA HUKU KWETU?

Inategemea kazi yako. Baiskeli ya Kilosa ni gari. Inabeba ndoo za maji, mikungu ya ndizi, mkaa, abiria, na siku nyingine mgonjwa kwenda zahanati. Wazee walianza na Raleigh, ikaja Swala iliyotengenezwa hapahapa nchini, na sasa mfalme ni Phoenix ya Mchina pamoja na ndugu zake wa Kihindi. Hizi zina kilo 20 hivi, na watu wanazicheka. Lakini angalia jambo hili: shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa 2005, lilipobuni baiskeli yake ya Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika, wahandisi wake walichagua chuma kizito na keria ya kubeba kilo 100. Wangeweza kuchagua kitu chepesi. Walichagua kile ambacho fundi wa kijijini anakiweza.

Kikwazo kingine ni vipuri. Phoenix inatumia tairi la 28, ukikosa duka hili unapata la jirani. Baiskeli za milimani zinatumia 26, nazo zinapatikana. Lakini nyingi za titani zinatumia tairi la 700C. Majina yanakaribiana na 28 ya Phoenix, ila rimu si moja! Ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, ya 700C ina 622. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Ukichana tairi la 700C ukiwa Zombo au kijiji cha Ulaya, utasukuma baiskeli yako ya mamilioni mpaka nyumbani. (Ndiyo, kwetu Ulaya ni kijiji. Muuzaji akikwambia "imetoka Ulaya", muulize Ulaya ipi!)

Nani basi inamfaa? Mtu wa safari ndefu bila mzigo mkubwa. Wazungu wanaovuka Afrika kwa baiskeli hupita Mikumi kila mwaka, na wachache wao wana titani. Nimewahi kuinua ya mmoja wao kwa mkono mmoja pale stendi, na alikuwa ameshaipeleka miaka zaidi ya kumi. Ila na yeye alibeba tairi la akiba, spoki na cheni kutoka kwao.

Na kwa kuwa tumeitaja Mikumi: barabara kuu ya Morogoro–Iringa inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50. Tembo, nyati na simba hawajui kama fremu yako ni titani au mwanzi. Usikatize pale kwa baiskeli, hata kama una haraka. Panda basi, baiskeli ipakiwe, ushukie ng'ambo.

5. UTAITAMBUAJE?

a) SUMAKU. Chukua sumaku ya spika bovu. Ikinasa, ni chuma, mazungumzo yameisha. Isiponasa, bado inaweza kuwa titani, alumini au hata chuma kisichopata kutu. Wauzaji wajanja wanakuonyesha hatua hii tu kisha wanaishia hapo.

b) MABOMBA. Ya alumini ni manene kama mkono wa mtoto. Ya titani kwa kawaida ni membamba zaidi, yanakaribia ya chuma.

c) MAUNGIO. Mchomeleo wa titani ni mwembamba na umepangika kama sarafu zilizolala. Wa alumini ni mnene, umevimba.

d) RANGI. Nyingi za titani hazipakwi rangi. Ni kijivu cha asili. Fremu iliyopakwa rangi yote mpaka chini iulize maswali zaidi.

e) KISU. Mahali pasipoonekana, omba ruhusa ukwaruze kidogo. Alumini ni laini, inachimbika na kung'aa nyeupe. Titani inakugomea.

f) JIWE LA KUSAGIA. Fundi akigusisha kipande kidogo kwenye jiwe, titani inatoa cheche nyeupe kali sana. Alumini haitoi cheche. Hii haidanganyi, lakini inaacha alama, kwa hiyo ifanyike kwenye ncha tu na mwenye mali akubali.

g) MAANDISHI. Stika si ushahidi. Kuna baiskeli zimeandikwa "titanium" kwa sababu ni jina la rangi yake, au kwa sababu boliti mbili ndizo za titani.

Yule mdau wa Kimamba tulienda naye tukaione hiyo ya laki sita. Sumaku haikunasa, muuzaji akachekelea. Lakini mabomba yalikuwa manene, maungio yamevimba, na kisu kilichimba kirahisi kabisa. Alumini. Na chini ya bomba la siti, karibu na maungio, palikuwa na ufa mwembamba uliofunikwa na stika. Ufa huo kwenye alumini haurudi nyuma. Mdau akaondoka na hela yake ya ufuta mfukoni, salama salimini.

6. UKIAMUA KUNUNUA

Bei kwanza. Fremu tupu ya titani kutoka China huanzia kama dola 1,000, za Wamarekani zinaweza kufika dola 3,000 na kuendelea. Hapo bado magurudumu, breki, usafiri na ushuru wa TRA. Baiskeli nzima ni mamilioni. Kwa hela hiyo unapata pikipiki mpya na chenji inabaki. Kwa hiyo ukiambiwa titani nzima kwa laki sita, moja kati ya haya ni kweli: siyo titani, ina ufa, imeibwa, au haipo kabisa.

- Usitume hela kabla hujaiona na kuigusa. Hata shilingi ya "kuishikilia".
- Tafuta namba ya fremu, mara nyingi iko chini pale ekseli ya pedali inapopita. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka.
- Omba risiti. Ikiwa ni ya mkononi, andikishaneni ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa, mashahidi wawepo. Baiskeli ya wizi ikikamatwa kwako, wewe ndiye utakayelala ndani.
- Kagua maungio yote mchana, kwa kitambaa safi. Ufa hujificha kwenye vumbi.
- Pima urefu. Fremu ya mtu wa futi sita haipunguzwi kwa msumeno.

7. UKISHAKUWA NAYO

Paka grisi bomba la siti na boliti zote, uzifungue na kupaka tena kila baada ya miezi michache. Titani ikikaa na alumini muda mrefu bila grisi zinang'ang'aniana mpaka hazitoki. Usikaze boliti kwa nguvu za Samsoni. Cheni, gololi na breki ni zilezile, vumbi la kwetu litazila kama baiskeli nyingine. Titani haipati kutu, lakini cheni yake inapata!

8. MSIMAMO WANGU

Mimi mwenyewe naweka akiba ninunue baiskeli mwaka huu, na itakuwa ya chuma. Kwa laki sita za yule jamaa unapata ya chuma, keria imara, tyubu mbili za akiba, pampu, solusheni na viraka, na hela ya nauli inabaki. Kama kazi yako ni mzigo, chuma. Kama ni kwenda shule au kazini mjini bila mzigo, alumini isiyo na ufa inatosha. Titani muachie mwenye safari ndefu na mfuko mrefu, au wewe ukibahatika kupewa na mtu anayeijua. Ukipewa usikatae, ila usiifunge magunia.

Mafundi wa Kilosa, Kimamba, Ruaha na Mikumi, kama kuna mmoja wenu ameshawahi kushika titani ya kweli, tupe uzoefu wako hapo chini kwenye maoni. Na wewe uliyeuziwa stika, sema ilikuwaje ili mwingine apone, ila majina ya watu usiandike.

Tuko pamoja.