Birika la Mlangoni: Kanisa na Kiapo cha Ubatizo Korogwe na Handeni

Mahali patakatifu palikuwapo Handeni kabla ya kuwapo kanisa. Katika vilima vya Uzigua vimesalia vipande vya msitu ambavyo shoka halijaingia kwa vizazi vingi, na wataalamu wa misitu waliovichunguza miaka ya 1990 walikuta kwamba mlinzi wake hakuwa bwana msitu wala sheria ya serikali. Vililindwa na makaburi ya wakubwa wa ukoo, na matambiko, na mafunzo ya jando. Mtu hakuingia humo kuokota kuni. Wenye ugomvi walitakiwa wapatane kwanza, kwa kuwa tambiko la wagombanao halipokelewi. Upande wa pili wa Mto Pangani, Bonde na Usambara, majina yalikuwa mengine lakini kiini kilikuwa hichohicho. Naanza na misitu hii kwa sababu historia ya Ukristo wa nchi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba wamisionari ndio waliokuja na wazo la mahali pasipokanyagwa ovyo. Walichokuja nacho kilikuwa kingine: waliufunga utakatifu wa mahali na ahadi iliyotamkwa na mtu mmojammoja, kwa jina lake jipya, mbele ya maji.

Wao wenyewe walifika kwa njia ya kuzunguka. Hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge, Desemba 1857, ilizaa Misheni ya Vyuo Vikuu ya Kianglikana, UMCA. Jaribio lao la kwanza katika bonde la Mto Shire lilimalizwa na homa. Askofu Charles Mackenzie alifariki mwaka 1862, na William Tozer aliyemrithi akahamishia makao Unguja mwaka 1864. Mkataba wa 1873 ulipolifunga soko la watumwa, Edward Steere alianza kujenga kanisa kuu juu ya uwanja uleule, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo. Mapokeo ya Unguja yanasema altare imesimama palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Fikra hiyo, kwamba ardhi iliyonajisiwa na ukatili yaweza kutakaswa kwa ibada, ndiyo iliyovuka mkondo wa bahari kuja bara.

Mwaka 1867 Charles Alington wa UMCA alipanda hadi Vuga kuwaomba ruhusa Wakilindi, watawala wa Usambara, na mwaka 1868 kituo kikaanza Magila, chini ya milima, mahali palipokuja kuitwa Msalabani. Wakati ulikuwa mbaya. Mfalme wao, Kimweri ye Nyumbai, alikuwa amefariki mwaka 1862 na ufalme wake umepasuka. Wabondei waliwaasi Wakilindi, vijiji vikachomwa, na mateka wakashushwa Pangani kuuzwa. Kituo kilipwaya kwa miaka, hadi J. P. Farler alipofika mwaka 1875 na kukisimamisha.

Jengo la nyakati zile lilikuwa la miti, udongo na paa la majani. Kuta za namna hiyo hazimzuii mtu; mbuzi naye huingia. Kilichopafanya mahali pale kuwa kanisa kilikuwa mpangilio wa watu waliokuwa ndani yake. UMCA, waliopenda sana desturi za Kanisa la kale, waliirudisha ngazi ya wakatekumeni kama ilivyokuwa Yerusalemu katika karne ya 4, zama za Mtakatifu Cyril, ambapo mbatizwa aligeukia magharibi kumkana Shetani kisha akageuka mashariki kumkiri Kristo. Mzigua au Mbondei aliyetaka kubatizwa alianza kuwa msikilizaji. Baadaye alipokewa kuwa mkatekumeni na kuvikwa msalaba shingoni, na safari hiyo ilihesabiwa kwa miaka, si kwa majuma. Birika la ubatizo liliwekwa karibu na mlango. Ni jambo dogo la ujenzi, ila limebeba fundisho zima: hufiki altareni bila kuipita ahadi yako.

Ahadi ile iliumiza. Kumkana Shetani, kwa tafsiri ya wamisionari, kulimaanisha kuvua hirizi, kuacha mke wa pili, na kwa vijana wa Kibondei kuiacha galo, jando lao. Hapa naona walikosea. Waliipiga vita galo kabla ya kuielewa, na vijana waliokatazwa waliendelea kwenda kwa siri. Mtu mmoja akawa na viapo viwili ndani yake, kimoja cha mchana na kimoja cha usiku, na mwachano huo haujafungwa hadi leo. Kusini, Masasi, Askofu Vincent Lucas alichukua njia nyingine baadaye, akaliingiza jando ndani ya Kanisa.

Enzi ya makanisa ya mawe ilikuja na Askofu Charles Smythies, aliyeongoza kuanzia 1884 hadi 1894. Mwaka 1888, pwani ilipowaka dhidi ya Wajerumani, Smythies alipita Pangani katikati ya ghadhabu za watu, na aliyemkinga asiuawe ni Abushiri bin Salim mwenyewe, kiongozi wa vita ile. Muislamu anayepigana na Wazungu akamsindikiza askofu wa Kizungu apande kwenda kwa Wakristo wake wa Bonde: tukio hilo lina uzito kuliko mahubiri mengi juu ya ujirani wa dini katika mkoa huu.

Chini ya utawala wa Wajerumani misheni ilipanuka. Herbert Woodward alikijenga kituo cha Korogwe, na kutoka huko kazi ikaingia Uzigua, Kideleko ikawa moja ya ngome zake. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Magila kulikuwa na mtambo wa kuchapa. Hapo ndipo gazeti la Habari za Mwezi lilipotoka, na hapo ndipo Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy ilipochapwa kwa mafungu kati ya 1895 na 1907. Wakati huohuo mapadri wenyeji walisimama altareni, miongoni mwao Petro Limo na Samuel Sehoza. Jambo hili halikuwa dogo. Mahali patakatifu pasipo na kuhani wa nyumbani hubaki kuwa mahali pa mgeni.

Kisha ikaja vita ya 1914, na hapo ndipo kila kilichofundishwa kilipopimwa. Misheni ilikuwa ya Waingereza katika koloni la Mjerumani, kwa hiyo wamisionari walikamatwa wakapelekwa kambini bara. Lakini mkono mzito uliwaangukia Waafrika. Mapadri na walimu wa Bonde na maeneo jirani walishukiwa kuwa wapelelezi wa Mwingereza kwa sababu tu waliwahi kusoma Kiungani, chuo cha misheni kule Unguja. Walifungwa minyororo shingoni, wakachapwa viboko, wakatembezwa kwa miguu kuelekea Tabora. Sehoza alikuwa miongoni mwa waliofungwa, na wengine hawakurudi.

Hebu tuitazame hali ile kwa karibu. Kanisa halina padri, na divai ya Ekaristi haipatikani. Njaa imeingia Handeni, kwa kuwa majeshi ya pande zote mbili yamekula chakula cha watu na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi. Anayebaki ni Mkristo aliyebatizwa miaka michache tu nyuma. Anaikumbuka Sala ya Bwana na Kanuni ya Imani, na anajua kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mlei yeyote aliyebatizwa anaruhusiwa kumbatiza kwa maji. Hayo ndiyo aliyonayo. Korogwe na Handeni ziliangukia mikononi mwa majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts mwezi Juni 1916, na wamisionari waliporejea hawakuanza upya. Walikuta jumuiya hai. Miaka ile miwili ilithibitisha kwamba nyumba yaweza kufungwa na ubatizo ukaendelea. Sijui kama Kanisa letu limewahi kuyasoma mafundisho ya miaka hiyo kwa umakini unaostahili.

Aliyeyasoma alikuwa Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908, aliyeongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wakati wa vita na kuona walivyokufa njiani. Weston alikuwa mkali wa mambo ya patakatifu kuliko askofu yeyote aliyemtangulia: alitaka tabenakulo, ubani, kupiga goti, kitubio. Aliyevunja kiapo chake waziwazi alitengwa na Sakramenti, na kurudi kwake kulikuwa mbele ya watu. Lakini ukali huohuo aliuelekeza serikalini. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kuushutumu utawala wa Kiingereza kwa kazi za shuruti Afrika Mashariki, akiwaita Waafrika waliolazimishwa watumwa wa Uingereza. Na mwaka 1923, akiwa mwenyekiti wa kongamano la Waanglikana Wakatoliki jijini London, aliwaambia wapenda ubani wenzake kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu ndani ya tabenakulo ikiwa hawamhurumii katika vibanda vya maskini. Alifariki tarehe 2 Novemba 1924. Naamini hakuna kauli iliyoeleza vizuri zaidi kilichokuwa kikijengwa kati ya Pangani na Uzigua, ingawa ilisemwa mbali na huko.

Enzi ya Waingereza ilileta jaribu la namna nyingine: mkonge. Mmea huo, ulioingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa umeyajaza mabonde ya Korogwe na Muheza, na manamba walikuja kutoka pande zote za nchi na hata nje yake. Mwenye kipande, yaani kadi ya kazi, alihesabiwa siku 30 za kazi, na kipande hakijui Jumapili. Mkristo aliyelelewa kijijini, ambako kila mtu alijua nani ni mdhamini wake wa ubatizo, alijikuta kambini miongoni mwa wageni, palipo na pombe, akiwa hana wa kumuuliza. Kazi ya ahadi ikahamia mikononi mwa watu wengine pia. Masista wa CSP (Community of the Sacred Passion), shirika lililoanzishwa na Weston mwaka 1911, walihudumia wagonjwa katika hospitali ya Mtakatifu Francis, Kwamkono, Handeni, na baadaye pakawa na hosteli ya watoto waliopoozwa na polio.

Miaka ya Uhuru niipitie kwa haraka. Jimbo la Kanisa la Afrika ya Mashariki liliundwa 1960, la Tanzania 1970. Shule za misheni zilitaifishwa kufuatia sheria ya mwaka 1969. Katika miaka ya 1970 operesheni vijiji iliwahamisha watu wa Handeni kutoka kwenye mashamba yao ya kale, na yako makanisa yaliyoachwa nyuma porini kama ile misitu ya matambiko. Dayosisi ya Zanzibar na Tanga iligawanywa mwaka 2001, na kanisa kuu la Tanga likawa Korogwe, si Tanga mjini. Maimbo Mndolwa, askofu wake tangu 2011, aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa Tanzania mwaka 2018.

Kilichobaki leo ni mchanganyiko wa tabaka hizo zote. Katika mkesha wa Pasaka waumini wanarudia ahadi zao, mshumaa mkononi, na katika makanisa ya Handeni maji ya ibada hiyo huenda yamenunuliwa kwa ndoo, maana kiangazi cha huko hakina mzaha. Maji yakishabarikiwa hayarudi kwenye ndoo. Hupelekwa nje yakamwagwa mahali safi, na wapo wazee wanaochagua shina la mti mkubwa bila kueleza kwa nini. Kwenye viti vya nyuma kanisani wanakaa wanaoishi na wenzi wao bila ndoa, nao hawaendi altareni. Hakuna anayewafukuza, na wao wanajua mahali pao. Nidhamu ya Smythies na Weston imesalia kama mazoea ya viti. Sina hakika kwamba wahusika wote wanakumbuka ilikusudiwa kuwa njia ya kurudi, si mahali pa kukaa.

Mabishano makali zaidi, hata hivyo, huwa juu ya mnada. Baada ya Misa, sadaka za vitu, yaani mayai, mkungu wa ndizi, nazi, jogoo, hunadiwa kwa faida ya kanisa, na desturi ni kunadi nje, chini ya mwembe. Siku ya mvua kijana mwenye kipaza sauti husema waingie ndani, Mungu haoni tofauti. Mzee wa kanisa aliyekaa karibu na birika husema hapana. Anaulizwa sababu, anajibu kwamba yeye alibatizwa hapo. Basi jogoo amefungwa miguu barazani, watu wamejibana chini ya ukingo wa bati, wanasubiri mvua ipungue.