Misitu ya Naivasha

Ukisimama kando ya Ziwa Naivasha asubuhi, ukatazama mashariki, utaiona milima ya Nyandarua imejitanda mawingu. Huko ndiko uanziako Mto Malewa, uletao sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili. Ziwa lenyewe halina mto uonekanao ukitoka ndani yake. Maji hupenya chini ya ardhi yakaenda zake pamoja na chumvi; ndiyo sababu ni matamu, hali majirani zake Elmenteita na Nakuru ni maziwa ya magadi. Basi, msomaji, atakaye kuijua historia ya ziwa hili hana budi kwanza apande mlima.

Twazoea kulitamka neno msitu kana kwamba ni kitu kimoja. Ni kosa, nalo limeigharimu nchi yetu. Tuanzie ufukoni. Ukiyapita mafunjo, wakuta migunga yenye gome la manjano, ipendayo ardhi ambayo maji yake si ya mbali. Wazungu wa kwanza waliiita miti ya homa, kwa kuwa aliyelala chini yake aliugua. Mbu hakushukiwa na mtu. Ukipanda kidogo waingia katika leleshwa, kichaka cha majani ya kijivu na harufu ya kafuri, kichomwacho makaa. Juu zaidi, penye baridi na mvua ya kadiri, ni mahali pa mwerezi na mzeituni mwitu. Penye mvua nyingi husimama podo; kisha huja mianzi, iliyosongamana hata mtu hupita kwa shida; na juu ya mianzi miti hupungua, yakabaki majani ya nchi ya baridi.

Mwaka mmoja nilipanda Eburru, magharibi ya ziwa, pamoja na wanachuo wangu. Mlima ule una msitu mzuri, lakini maji ya juu ya ardhi ni haba. Mvuke hutoka katika nyufa, na wenyeji huukinga kwa mabomba mpaka ugeuke maji. Mwanachuo mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ikiwa msitu huleta maji, mbona hapa watu wanakinga mvuke?" Lilikuwa swali jema kuliko somo langu la siku ile. Msitu hauumbi maji, huyagawa. Majani huvunja nguvu ya matone, takataka za chini huyanywa polepole, mizizi huyafungulia njia ya kushuka. Katika Nyandarua maji hayo hutokea tena katika chemchemi, nayo Malewa ikapata kitu cha kuteremsha hata wakati wa kiangazi. Katika Eburru ardhi ya volkano huyameza yakaenda chini sana. Kazi ni ile ile, ila matunda yake huonekana mahali pengine.

Waliojua tofauti hizi mapema ni Waogieki. Watu hawa waliishi katika misitu ya Mau na Eburru, wakitundika mizinga mitini na kuifuata nyuki kadiri miti ilivyochanua, leo chini, kesho juu mlimani. Kwao kila daraja ya msitu ilikuwa ghala yenye msimu wake.

Kisha likaja gari la moshi. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwa la Nyanza mwaka 1901, ikipita Naivasha na Nakuru. (Naivasha wakati huo ilihesabiwa kuwa katika Uganda, ilihamishiwa upande huu mwaka 1902.) Injini zilikula kuni, na kuni zilikuwa msitu wowote uliokuwa karibu na njia. Mwaka 1902 Idara ya Misitu ilianzishwa. Haikusahau gari la moshi: ilipanda mikaratusi, miti ya Australia ikuayo upesi, ili reli isikose chakula. Mwerezi nao, ambao mchwa hauwezi, ulikatwa nguzo za nyua za walowezi, na mwingine ukasafirishwa Ulaya kutengenezewa penseli. Hebu fikiri: mti uliokua miaka mingi mlimani ukaishia sandukuni mwa mtoto wa shule wa London. Wamaasai, waliokuwa wakilisha ng'ombe zao bondeni, walihamishwa kwa mkataba wa mwaka 1904.

Tangu mwaka 1910 pakawa na utaratibu ulioitwa shamba. Mfanyakazi alipewa kipande cha msitu uliofyekwa, akalima mahindi na viazi katikati ya miche ya serikali, na miche ilipokua alihamishiwa kipande kingine. Serikali ilipata misaipresi na misonobari kwa gharama ndogo; mkulima alipata chakula, ila hakupata ardhi. Mimi nauona utaratibu huu kuwa wa akili katika kilimo na dhalimu katika sheria. Tena ulifanya jambo jingine ambalo halikuonekana upesi: ulipanda shamba la mbao mahali palipokuwa msitu wa mlima, na jina likabaki lile lile, msitu.

Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, mianzi ya Nyandarua ilikuwa ngome. Tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau waliivamia stesheni ya polisi ya Naivasha, wakachukua silaha na kuwafungua wafungwa. Ndege zilidondosha mabomu milimani, lakini mianzi iliwaficha watu kwa miaka. Hakuna shamba la misaipresi, lililopandwa kwa mistari iliyonyoka, ambalo lingeweza kazi hiyo.

Uhuru haukuliondoa kosa. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 60,000 katika misitu ya nchi, sehemu kubwa ikiwa ya Mau. Mto Njoro, utokao Mau ya mashariki kwenda Ziwa Nakuru, hukauka sehemu zake za chini kiangazi kikizidi. Waogieki nao walifukuzwa mara kwa mara kwa jina la kuhifadhi msitu, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilipoamua mwezi wa Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki zao.

Katiba ya mwaka 2010 yaiamuru serikali kujitahidi miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha miti asilimia 12.13, lakini misitu asilimia 8.83 tu. Zitazame vizuri namba hizo mbili. Mkaratusi wa mpakani mwa shamba huingia katika ile ya kwanza sawa na podo wa Nyandarua. Mkaratusi ni mti wa faida. Bila huo, kuni na nguzo zetu zingetoka wapi? Bali mwenye kuupanda kandokando ya chemchemi ataujua unywaji wake.

Ziwa lenyewe halina subira na hesabu zetu. Mwaka 2009, wakati wa ukame, lilishuka sana. Mwaka 2020 lilipanda likaingia mtaa wa Kihoto na kuwatoa watu nyumbani. Wataalamu walitaja kwanza mvua nyingi, kisha udongo ulioteremka kutoka mashamba ya juu. Kabla ya gharika hiyo, wenye kutumia maji ya ziwa, wakiwamo wakulima wa maua, walikuwa wamekwisha anza kuwalipa wakulima wa Wanjohi, kwenye vijito vya Malewa, ili wapande miti na mistari ya majani penye miteremko. Malipo yalikuwa hati za kununulia mbegu na vifaa vya kilimo. Mtu wa ufukoni alikuwa ameanza kumlipa mtu wa mlimani.