Konokono wa Warington

Mwaka 1849, mkemia wa London aitwaye Robert Warington alichukua chombo kikubwa cha kioo, akakijaza maji ya chemchemi hadi nusu, akatandaza chini mchanga uliooshwa na vipande vya mawe. Akapanda mche mmoja wa Vallisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, mizizi akaigandamiza kwa jiwe. Halafu akatia samaki wawili wadogo wa dhahabu na kufunika chombo kwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi. Hakuwa akipamba sebule. Alitaka kujua kama samaki na mmea wanaweza kutunzana ndani ya maji yale yale, bila mtu kuyabadilisha.

Swali lenyewe lilikuwa na miaka sabini. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alizamisha majani mabichi majini, akayaweka juani, akaona viputo vya hewa vikipanda, gizani vikakoma. Samaki huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa; mmea, jua likiwaka, huchukua hewa ya ukaa na kurudisha oksijeni. Kwa hesabu hiyo, samaki wa Warington walikuwa salama.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani makongwe ya mmea yakaanza kuoza, maji yakachafuka, utando wa kijani ukatambaa juu ya kioo. Wengi wetu tungemwaga maji tuanze upya. Warington yeye alijiuliza ni nani anayeondoa uozo huo bwawani, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwaga chochote. Akaleta konokono watano au sita wa bwawani. Konokono wakala majani yaliyooza, wakakwangua mwani kwenye kioo, na maji yakatakata tena. Hata mayai yao hayakupotea bure, kwa kuwa samaki waliyala. Matokeo aliyachapisha mwaka 1850 katika jarida la chama cha wanakemia cha London.

Kwangu mimi, historia ya tangi la samaki lenye mimea inaanzia hapo, kwa yule wa tatu ambaye hesabu ilimsahau. Sifa zilikwenda kwingine. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845 na kioo kilishuka bei. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kuhusu viumbe wa baharini kilichowafanya watu wa mjini watamani tangi sebuleni. Homa hiyo ilidumu miaka michache tu, ikapoa.

Ujerumani, tangi la maji baridi lilipata mtetezi mwingine. Emil Adolf Rossmässler alikuwa profesa na mjumbe wa Bunge la Frankfurt katika mapinduzi ya 1848. Siasa zikamponza, akapoteza kazi, akageukia kuwaandikia watu wa kawaida kuhusu elimu ya viumbe. Mwaka 1856 aliandika katika jarida maarufu la Die Gartenlaube jinsi ya kuweka ziwa dogo ndani ya kioo nyumbani. Fani yake hasa ilikuwa konokono.

Hata hivyo konokono hawakueleza kila kitu. Wao nao wanakula na kunya, na kinyesi hutoa amonia, sumu inayoua samaki hata kwa kiasi kidogo. Amonia ile ilikwenda wapi? Sehemu ilinyonywa na mmea. Nyingine ilikuja kuelezwa na mtu ambaye mwaka 1849 alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja hivi katika nyumba ya mkemia yule yule. Robert Warington mwana, jina moja na babaye, alikua akawa mkemia wa kilimo katika kituo cha Rothamsted. Katika utafiti wake wa udongo alionyesha kwamba viumbe wasioonekana kwa macho hugeuza amonia kuwa nitriti, na wengine tofauti hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni mbolea kwa mmea. Kuwatenga bakteria hao kulimshinda. Sergei Winogradsky akafaulu mwaka 1890. Baba alimwona msafishaji anayetambaa, mwana akawagundua wasafishaji wanaoishi mchangani.

Ndiyo maana huniuma kuona samaki bado wanauzwa ndani ya bakuli tupu la duara, bila mche wala mchanga. Samaki yule anaogelea ndani ya mkojo wake mwenyewe, na akifa mnunuzi anaambiwa aje kununua mwingine.

Mimea ilirudishiwa heshima yake na Mjapani Takashi Amano, aliyekuwa mwendesha baiskeli wa mashindano kabla ya kuwa mpiga picha. Alilisha mimea yake mwanga mkali na hewa ya ukaa iliyopulizwa majini, na kazi ya kula mwani akawaachia uduvi, ambao leo wanaitwa kwa jina lake. Tangi lake la mwisho, lililojengwa Lisbon, lilikuwa na urefu wa mita 40. Lilifunguliwa mwaka 2015, mwaka aliofariki.

Kwa bajeti ya kawaida, njia ya Mmarekani Diana Walstad, aliyetoa kitabu chake mwaka 1999, iko karibu zaidi na ile ya Warington. Tandaza udongo wa bustani usiotiwa mbolea, unene wa sentimita mbili au tatu, ufunike kwa changarawe. Panda mimea mingi siku ya kwanza. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi ndooni walau siku moja. Samaki waje mwisho, wachache, baada ya wiki kadhaa za kuwapa bakteria nafasi ya kuongezeka.

Kwetu kuna jambo ambalo Warington hakulazimika kulihofia. Konokono wa mabwawa na maziwa yetu wanaweza kubeba kichocho, na mkono unaotumbukizwa tangini unaweza kuambukizwa. Usiwaokote ziwani. Chukua waliozaliwa tangini kwa mtu mwingine, maana ugonjwa huo haupiti kwenye mayai ya konokono. Mimea ya porini ikague jani kwa jani kabla ya kuipanda.

Na mimea ikistawi itabidi kuipunguza. Gugu maji lililoziba fukwe za Ziwa Victoria na kukwamisha mitumbwi ya wavuvi lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa duniani kama ua la kupamba vidimbwi. Majani unayoyakata yasiende mtoni wala mtaroni. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha yatupe kwenye shimo la mboji.