Kamera iliyorudishwa Unguja kabla ya mvua

Tarehe 11 Aprili 2027 itatimia miaka 200 tangu James Augustus Grant azaliwe Nairn, Uskochi. Kwao anajulikana kama mwenzake John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Sisi wa Singida tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Nusura alete kamera katika nchi yetu mwaka 1860.

Wawili hao waliteremka Unguja mwezi Agosti. Grant alikuwa na kamera ya kutoa picha pachapacha, zile ambazo ukizitazama kwa miwani yake huonyesha kina. Akaupiga mji, soko la watumwa likiwemo, na picha zake ni miongoni mwa za kale kabisa za Unguja. Mwanzoni mwa Oktoba msafara ukaondoka Bagamoyo kuelekea bara.

Huko ndiko kazi ilikomshinda. Filamu hazikuwepo. Mpigapicha wa wakati ule alipaka kioo dawa, akakitia ndani ya kamera kingali kibichi, akapiga, kisha akakimbilia gizani kukisafisha kabla hakijakauka. Giza lenyewe lilikuwa kihema kidogo kilichozibwa pande zote, na jua la Oktoba tunalijua. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke anasema aliirudisha kamera Unguja kwa kuwa aliona joto la kihema kile lingemuua Grant upesi kama angeachwa aendelee. Hakumwachia hiari. Grant akabaki na penseli na rangi za maji.

Speke ana haki yake, maana maiti haipigi picha. Lakini tazama ilipoishia kamera: msafara ulikuwa haujafika hata Ugogo. Mgunda Mkali, lile pori la upande wa Manyoni na Itigi, walilivuka mvua zikiwa zimeshaanza, wapagazi wakitoroka na chakula kikiwa haba, hadi wakaingia Kaze, Tabora, Januari 1861. Nchi ilikuwa inachipua, na vioo vya Grant vilikuwa vimesharudi pwani.

Pwani haikukosa wapigapicha. A. C. Gomes na J. B. Coutinho walikuwa na studio Unguja tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Picha zao za bandari iliyojaa majahazi ya Arabuni na Bara Hindi ni picha za kaskazi, kwani kusi ikianza vyombo hivyo hurudi kwao.

Bara ilisubiri Wajerumani. Walther Dobbertin alifika mwaka 1903 na kupiga sehemu kubwa ya koloni. Mwanajiografia Erich Obst, aliyetumwa na chama cha jiografia cha Hamburg kati ya 1910 na 1912, aliandika habari za safari yake kutoka Mkalama hadi kwa Wahadzabe. Mwaka 1930 Mswisi Walter Mittelholzer aliipiga Kilimanjaro kutoka angani. Wengi wa wageni hao walipenda kusafiri kiangazi, njia zinapopitika, kwa hiyo si ajabu nchi yetu ikajulikana kwa vumbi.

Ukiwa Kinyangiri, hapa kwetu wilayani Mkalama, mwezi Septemba utaamini hivyo: mabua makavu, upepo, makorongo ya mchanga mtupu. Rudi Februari, alizeti na mtama vikiwa shambani. Huko magharibi mbuga ya Wembere hufurika, maji yakaingia Ziwa Kitangiri, yakatoka kwa Mto Sibiti na kuishia Eyasi bila kuiona bahari. Anayetaka kuieleza nchi hii kwa picha moja anaisingizia.

Kilimanjaro imeshatupa somo hilo. Picha mbili za setilaiti, za Februari 1993 na Februari 2000, zilisambazwa duniani kama ushahidi kwamba barafu inakwisha, ilhali sehemu kubwa ya weupe uliotoweka ilikuwa theluji ya msimu. Wabishi wakapata pa kushikia. Barafu yenyewe imepungua kweli, kutoka kilomita za mraba zipatazo 12 mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2007, na mwaka 2022 UNESCO ilionya kuwa itakwisha ifikapo 2050. Jambo la kweli liliponzwa na picha zisizotaja msimu.

Leo simu zimejaa Kinyangiri, na picha nyingi ni za harusi na mipira. Walimu, wapeni wanafunzi kazi hii: wachague korongo moja, walipige kutoka pale pale kila Desemba, Machi na Agosti, na waandike tarehe na jina la kijiji. Michoro ya Grant imetunzwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi, Edinburgh. Halmashauri ya Mkalama nayo itenge kabati moja pale Nduguti kwa ajili ya picha za watoto wetu.